Feni Iliyolishwa Mafuta ya Kondoo

Ukimkaribisha Ludovika Sulle kiti, unapoteza muda wako. Atakaa, ndiyo, kwa adabu zote, lakini ni kukaa kwa mtu anayengoja kuitwa. Mguu wa kulia unagonga sakafu, macho yanatembea ukutani, na chai haijapoa ameshainuka kwenda kuangalia kwa nini friji yako inanguruma. Watu wa Katesh tumemzoea. Tunamwita Mama Feni, na yeye haoni vibaya, maana ndiyo kazi yake. Ukitaka feni ya kunyonya vumbi kwenye mashine ya nafaka, feni ya kazi, siyo hii pangaboi ya kupunguzia joto sebuleni, Hanang nzima utaelekezwa kwake.

Alisomea ufundi wa vyuma chuo cha VETA, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko pwani, kitengo cha feni. Feni za huko ni habari nyingine. Mtu mzima anasimama ndani yake bila kuinama, na zinavuta hewa ya moto yenye vumbi kali bila kupumzika. Huko ndiko alikopata ule msimamo wake anaourudia mpaka wateja wanachoka kuusikia: feni haifi kwa uzee, inauawa na mahali ilipofungwa. Kwa hiyo kabla hujakata bati, nenda kakae pale itakapofanya kazi. Vuta hewa ya pale. Lamba vumbi la pale. Na kweli analamba, huyu mama, watu wameona kwa macho yao.

Aliporudi nyumbani alifungua karakana Jorodom, chini ya mlima. Ile Desemba ya mwaka 2023, tope liliposhuka, karakana ilifukiwa mpaka kwenye linta. Yeye na mumewe, Mwalimu Vitalis, walikuwa wamelala kwao upande wa pili wa mji, wakapona. Baba yake alifika kutoka Nambis, Mbulu, na sepetu begani, akachimba naye kimya kimya kutafuta mashine za kuchomelea, huku majirani wakitafuta watu. Karakana waliifukua ikarudi kazini, lakini siku ile ilimwachia kitu Ludovika. Hawezi tena kukaa akaupa mlima kisogo, na mwili wake haujui kustarehe. Vitalis anasema ameoa mwanamke aliye stendi.

Sasa huyo baba, Mzee Bura Sulle, ndiye aliyemfanya binti yake akose usingizi mara ya pili.

Mzee Bura ni mwendesha mashine pale Nambis. Mashine ni ya kikundi cha wakulima, mwenyekiti wao anaitwa Theodory, na inakoboa na kusaga kila kinachoingia: mahindi, ngano, ulezi. Mzee ameishika tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ziligeuka nyeupe kwa unga kabla ya kugeuka nyeupe kwa umri, hata watu hawakujua ni lini hasa alizeeka. Mkewe alishafariki. Akitoka kwenye mashine anarudi kwenye nyumba yenye paka. Ndiyo maana hapendi kutoka.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kwanza asubuhi, halafu akipanda kilima, halafu akicheka. Ludovika alimbeba, yaani ni karibu kumbeba, mpaka hospitali Mbulu mjini. Daktari pale alikuwa Godlisten, kijana wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku, mpole, anayevaa sweta juu ya sweta. Alimwamkia mzee, akampima kwa utaratibu, kisha akamwita Ludovika pembeni.

"Mama, nikueleze wazi. Kilichokwisha kwenye mapafu ya mzee hakirudi. Hapa tunalinda kilichobaki. Akivuta vumbi lile msimu mwingine mzima, sitaki kukudanganya, sijui kama ataumaliza. Ama vumbi liondoke, ama yeye aondoke."

Ludovika alidhani hapo kazi imekwisha. Nani atabishana na daktari? Kumbe hamjui baba yake.

"Niondoke niende wapi?" Mzee Bura aliuliza, na hakuuliza kwa hasira. "Pale kwenye mashine kata yote inapita. Najua nani kaoa, nani kauza ng'ombe, nani ananuniana na nani. Nikikaa nyumbani nitaongea na nani? Na paka?"

"Baba, daktari amesema..."

"Daktari amesema vumbi liondoke. Wewe si ndiye unayeondoa vumbi? Liondoe."

Haya. 

Basi alitengeneza feni ya kwanza, akaitengeneza kwa pupa, mavuno yakiwa yanakaribia. Na hapa lazima nimseme, ingawa ni rafiki yangu. Msimamo wake wote ule wa kwenda kukaa na kulamba vumbi, kwa mara ya kwanza aliuweka kando. Nambis ni kwao. Alizaliwa pale, alichunga mbuzi pale, vumbi la pale ameshalila utotoni. Akaona hana haja ya kwenda kukaa. Akachora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana feni kama zile alizozijua kiwandani, yenye mapanga membamba mengi, yamepinda vizuri kama vijiko. Ilikuwa nzuri kuitazama. Vitalis aliipiga picha akaituma kwenye kundi la walimu.

Feni ile haikumaliza hata msimu wa ngano. Mapanga yalilika ncha zake, yakabaki na meno kama msumeno uliochakaa, na bodi yake, ile wanayoiita konokono kwa jinsi inavyozunguka, ilitoboka matundu ambayo unapitisha kidole. Halafu ikaanza kutikisika. Ilitikisika mpaka boliti za chini zikalegea na feni nzima ikawa inatembea sakafuni, na akina mama waliokuja kusaga wakawa wanaipisha njia kama wanavyompisha jogoo mkorofi.

"Mama Feni," Theodory alimpigia simu, "kitu chako kinataka kutoka nje. Nikifungulie mlango?"

Aliumia kwa utani ule kuliko alivyoonyesha. Alifunga karakana, akaenda Nambis, akafanya alichopaswa kufanya mwanzo: akakaa. Alikaa juu ya gunia pale ndani, kitambaa mdomoni, akiangalia nafaka inavyoingia. Akatia kidole kwenye vumbi, akalamba. Mchanga. Mchanga mtupu! Alijua, jamani, alikuwa anajua tangu mtoto: kwao watu wanapura ngano na maharage chini, kwenye uwanja wa udongo uliosilibwa samadi, na kila gunia linakuja na sehemu yake ya shamba. Kiwandani pwani vumbi ni laini na kavu. Hapa feni ilikuwa inakula kokoto.

Na asubuhi akaona jambo la pili. Mbulu ni baridi, ukiamka bati linatoa jasho. Unga uliobaki juu ya mapanga usiku ulikuwa unalowa umande, na mota ikiwashwa inapata joto, unaiva. Ugali kabisa, umegandia panga moja zaidi ya jingine, ndiyo maana feni ilikuwa inatikisika. Ludovika alibandua kipande akakiangalia mkononi. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Fundi mzima, kazidiwa na ugali, na wa nyumbani kwao.

Feni ya pili aliiwazia kila mahali. Kanisani alikuwa anaichora kwa kidole kwenye goti. Mezani alizungusha sahani ya Vitalis kuangalia upepo wa mchuzi ungekwenda wapi. Simu ikilia tu, anadhani ni Nambis wanampigia kusema mzee kaanguka. Akawa hali vizuri. Akawa mkali. Vitalis, ambaye ni mtu wa utani, aliacha utani.

Ludovika alibadilisha kila kitu. Kwanza akaiondoa feni njiani: akaweka pipa refu mbele yake, hewa ikiingia inazunguka humo ndani, mchanga mzito unaanguka chini, vumbi jepesi peke yake ndilo linalofika kwenye feni. Mapanga akayapunguza, yakawa machache, mapana, yamenyooka na kulalia nyuma, ili unga usipate pa kukaa. Akaenda mashamba makubwa ya ngano huko Bassotu, akaomba madiski ya majembe ya trekta yaliyochakaa na kutupwa, chuma ambacho kimelimia mawe miaka yote na bado ni kigumu. Akakikata akakivisha ndani ya konokono kwa boliti, kikilika unabadilisha kipande unaacha bodi. Akatoboa kilango cha ubavuni cha kupangusia mapanga asubuhi. Na beringi, roho ya feni, akazitoa kabisa kwenye hewa chafu, akaziweka nje juu ya kiti chake cha chuma, akazifunika kwa sili, ule mpira wa kuzuia vumbi, na kofia ya bati. Grisi yake aliitia mwenyewe, ya kutosha msimu wote.

Walipoiwasha, Nambis ilishangaa. Ile mashine ilikuwa na dirisha! Watu walikuwa wanaingia pale tangu mashine inafungwa, na hakuna aliyekumbuka kuwa ukuta wa nyuma una dirisha, maana lilikuwa haliwahi kuonekana. Mama mmoja alisimama akajitazama kwenye kioo, akafunga kilemba vizuri. Mzee Bura alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine, na hakukohoa. Ludovika aligeuka upande akajifanya anatafuta spana.

"Baba," alimwambia kabla ya kuondoka, "panga futa kila asubuhi kwa hiki kilango. Mchanga mwaga ukijaa. Lakini hapa," akagusa kofia ya bati iliyofunika beringi, "hapa usiguse. Hata ikitoa sauti gani. Nipigie, nitakuja."

"Nimesikia."

"Baba."

"Si nimesema nimesikia? Unaongea na mtoto?"

Alirudi Katesh, na kwa muda mfupi alilala kama watu wengine.

Simu ilikuja mchana mmoja, mavuno yakiwa yamepamba moto. Alikuwa Theodory, na safari hii hakutania. Feni imesimama, mzee ameanguka, wako naye njiani kwenda Mbulu mjini. Ludovika aliacha moto wa kuchomelea ukiwaka, Vitalis ndiye aliyekwenda kuuzima. Njia yote kupitia Dareda na Dongobesh hakukumbuka baadaye hata kona moja. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa anasali na kutukana kwa zamu, na wote wawili aliokuwa anawataja, Mungu na baba yake, alikuwa anawapenda.

Alimkuta amelala na mpira wa oksijeni puani, uso wa rangi ya majivu, lakini macho yako wazi. Godlisten alikuwa amesimama kando.

"Amewahi," daktari alisema. "Lakini kapoteza kidogo tena. Na alikuwa na kidogo."

Ludovika alishika chuma cha kitanda. Hakumwamkia baba yake, na hilo peke yake lilitosha kumwonyesha mzee hali aliyokuwa nayo.

"Ilikuwaje?"

"Ilisimama," Mzee Bura alisema, pumzi ikikatika. "Watu walikuwa kwenye foleni. Kuna wengine wametoka mbali na punda. Nikasema nimalizie hao."

"Bila feni! Ukaendelea kusaga bila feni!"

"Wametoka mbali, Ludo."

Ludovika aliachia chuma cha kitanda. Alitoka, akachukua boda mpaka Nambis kwenda kumwona muuaji wa feni. Alipofika kwenye mashine alisikia harufu, akadhani kuna watu wanachoma nyama nyuma. Hakukuwa na nyama. Harufu ilikuwa inatoka kwenye feni. Alifungua kofia ya bati, akakuta sili imebanduliwa kwa ustadi na kurudishwa kwa ustadi, na humo ndani, badala ya grisi yake, kuna kitu cheusi kimeungua, kimeshikamana na pumba, kimefunga beringi mpaka ikawa jiwe. Alichukua kidogo akanusa. Mafuta ya mkia wa kondoo.

Alikaa chini sakafuni, safari hii akakaa kweli.

Maana alielewa papo hapo, hakuhitaji kuuliza. Kwao yale mafuta ni ya kila kitu. Ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe, bawaba ya mlango, ngozi ya viatu, kifua cha mtoto mwenye mafua, mama aliyejifungua. Baba yake amepaka mafuta ya kondoo kila kitu alichokipenda duniani. Asubuhi ya Mbulu yanaganda kama mshumaa, beringi haipati kitu. Ikipata joto yanayeyuka yote kwa mpigo, yanachuruzika, yanaita vumbi. Kiwandani hakuna kitabu kilichowahi kumwonya juu ya mkia wa kondoo.

Aliporudi hospitali jioni hasira ilikuwa imeshageuka kitu kingine asichokijua jina.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama usoni. "Umeona."

"Nimeona. Nilikwambia usiguse."

"Ilikuwa inalia."

"Sili mpya inalia siku za mwanzo, baba. Inanyamaza yenyewe."

"Sasa mimi nitajuaje? Kitu chako, ulichokitolea jasho, kinalia mbele yangu kutwa. Unataka nikitazame tu?" Akageuzia uso ukutani. "Mkia wenyewe ulikuwa wa dume. Mafuta mazuri."

Ludovika alicheka, halafu akajikuta analia, na muuguzi akaja kumuuliza kama anahitaji maji.

Nyumbani Vitalis alishauri kufuli. Alisema kwa nia njema, ndivyo walimu walivyo, kila kitu wanafunga kabatini.

"Ana spana nyingi kuliko mimi," Ludovika alisema, akizunguka jikoni. "Ataitoa bawaba. Nikichomelea, atakata. Vitalis, yule hawezi kukaa na mashine bila kuilisha. Nimepima mchanga, nimepima umande, nimepima umeme unavyoyumba. Baba sikumpima. Na yeye yuko pale kila siku."

Alikuwa ameshika mwiko, hajui ameuchukua wa nini. Kisha akasimama. Vitalis anasema ilikuwa ajabu kumwona amesimama.

Beringi za mara ya tatu alinunua zile zilizofungwa kabisa kutoka kiwandani, zisizohitaji kuongezewa kitu, akazifukia ndani ya nyumba ya chuma isiyo na tundu wala boliti upande wa nje. Halafu juu yake, mahali panapoonekana, akachomelea kikopo kidogo cha shaba chenye kifuniko kizuri. Kutoka kwenye kikopo akashusha kamrija kembamba, kakaingia nyuma ya kiti cha feni, na huko nyuma kakaishia kwenye kipande cha chuma butu. Hakaendi popote; mafuta yangepungua tu kwa kuyeyuka na kumwagika ukingoni feni ikitikisika. Kikopo chenyewe alikipiga msasa mpaka kikang'aa. Katika feni nzima, kile ndicho kitu kilichopendeza kuliko vyote, na hakikuwa na kazi yoyote.

Mzee Bura alipotoka hospitali na kurudi kwenye mashine, maana alirudi, msiniulize alimshawishije daktari, binti yake alimwonyesha.

"Hapa ndipo mlo wake, baba. Mafuta ya kondoo yanafaa kabisa. Hapa tu. Kikopo kikipungua, unajaza. Kwingine ni sumu."

Mzee aliinama akakitazama kikopo, akafungua kifuniko, akafunga. "Hapa," alisema.

"Hapa tu."

"Haya, mama."

Ungedhani sasa atatulia. Thubutu! Kila Jumamosi Ludovika alikuwa Nambis. Alikuwa anaingia kwenye mashine hata salamu hazijakaa vizuri, shikamoo inatoka huku mkono umeshafika kwenye kifuniko. Akikuta kikopo kimejaa, mafuta meupe yamesawazishwa vizuri kwa kidole, anashusha pumzi: kama mzee anakilisha kikopo, basi hajagusa pengine. Siku hiyo anakubali chai ya maziwa, wanakaa nje kwenye benchi, mzee anamhadithia nani kaoa na nani kauza ng'ombe. Akikuta kikopo kina upungufu, anavua koti, anaingia chini ya feni na spana, anakagua kila boliti kama kuna alama ya kuchokonolewa, mpaka boda inakuja kumchukua na chai imeota ngozi juu. Hakuna hata mara moja aliyokuta alama. Hilo halikumtuliza.

Vumbi lilikuwa linaondoka. Hilo niseme, kazi ilikuwa kazi. Msimu wa ngano ukapita, wa mahindi ukaja, dirisha likaendelea kuonekana, na vikundi vingine kutoka Dongobesh na Endasak vikaja kutazama, vikaagiza feni za kwao. Mzee Bura alikuwa anakwenda kliniki Mbulu mjini, na Godlisten alikuwa anampima anasema yale yale: hajapanda, hajashuka. Kwa mapafu yale, alisema, kutoshuka ni habari njema. Lakini mzee alikuwa mdogo ndani ya koti lake. Kilima cha kwenda kanisani alikuwa anakipanda kwa vituo.

Mavuno yalipokwisha kikundi kilifunga mashine kwa ukaguzi, na Ludovika akaja na vifaa vyote kuifungua feni ile kwa mara ya kwanza. Mzee Bura alikaa kwenye benchi akimwangalia kupitia mlangoni. Ludovika alikata nyumba ya chuma, akatoa beringi, akaizungusha kwa kidole. Ilizunguka laini, haina doa. Vipande vya madiski vimelika kidogo tu, mapanga mazima. Ingekuwa mtu mwingine angepiga vigelegele. Yeye alikuwa tayari anawaza sili ya msimu ujao, na kama feni ya Endasak aliikaza boliti zote, na saa ngapi atoke ili awahi kupita huko.

Alipokuja kukiondoa kikopo cha shaba akakuta kimejaa mpaka kimemwagika pembeni, mafuta mapya kabisa, ya asubuhi ile ile. Mashine imefungwa, feni imezimwa, haizunguki, na kikopo kimejazwa.

"Baba," aliita, "leo umejaza ya nini? Feni si imelala?"

Alikiondoa kikopo, akatoka nacho nje akasimama mbele ya mzee.

"Kile kikopo hakiendi popote," Mzee Bura alisema.

Ludovika alihisi uso unawaka. Alishika kikopo kile mkononi kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Umejua lini?"

"Siku ile ile uliyokifunga. Nilimimina maji ya moto ndani, nikazunguka nyuma kutazama yatokee wapi. Hayakutokea." Alipumzika kidogo kupata pumzi. "Nikasema, haya, amenijengea kitu cha kuchezea ili nisimwulie feni yake. Ni haki yake. Nilishamwulia moja."

"Baba, sikutaka..."

"Nyamaza kwanza. Sijakasirika."

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulikuwa unakijaza? Msimu mzima?"

Mzee Bura alitazama mikono yake, kisha akamtazama yeye, kwa utulivu, kama anayemweleza mteja kwa nini nafaka yake haijakauka.

"Wewe ukikikuta kimepungua, unaingia chini ya mashine, nakuona miguu tu mpaka unaondoka. Ukikikuta kimejaa, unakaa." Akasogea kidogo kwenye benchi. "Zile Jumamosi za kwanza sikuwa nimeelewa. Baadaye nikaelewa. Nimechinja kondoo wawili, Ludo. Nilikuwa nataka ukae."

Ludovika alisimama pale na kikopo mkononi, na mafuta yanamchuruzikia kwenye vidole. Boda aliyoiagiza ilikuwa inapanda kilima, anaisikia. Alitoa simu kwa mkono ule wenye mafuta, akamwambia kijana wa boda arudi, leo hatoki.

Akakaa. Alikaa karibu, bega kwa bega, hakuwa na kitu cha kukagua, na kwa kuwa mashine zote zilikuwa zimezimwa akaisikia pumzi ya baba yake, fupi, inapanda, inasita, inashuka. Msimu mzima alikuwa hajawahi kukaa kimya kiasi cha kuisikia.

"Haya," alisema, "nani kaoa?"